Picha ya Hewa ya Shosho Wanza

Najua mnavyonijua. Mimi ndiye niliyemwambia mwalimu wa zamu kwamba ng'ombe alikula sweta yangu ya shule, na sisi tunaishi ghorofa ya tatu, mtaa wa Lucky Summer, Nairobi. Kwa hivyo nikisema hili lilitokea, mtacheka. Chekeni. Kisha nendeni mkamwulize Nzioka, mwana wa marehemu Shosho Wanza, mpiga picha wa mamake ni nani, mwone kama atawajibu akiwatazama machoni.

Ilianza na kamera. Mjomba wangu ni dereva, na mzungu aliyekuwa akimwendesha alipohama alimwachia kamera, ile ya maana, ambayo lenzi yake unaizungusha inatoka kama kifuniko cha chupa, ukaweka nyingine. Mjomba hakuwa na kazi nayo. Nikaichukua. Kila Jumapili watu wakitoka kanisani walinikuta nimeegemea ukuta, nikawapiga picha na viatu vyao vya kubana.

Sasa, kila mpiga picha wa mtaani anajua shida ya watoto. Filamu moja ina picha thelathini na sita, na watoto wa ploti moja, nyumba za kupanga za ua mmoja, ni arobaini. "Mimi! Nipige mimi!" Utafanyaje? Filamu ikiisha unawapanga mstari, unawasha flashi, kwaa! Wanaenda zao wamefurahi. Hakuna picha. Sisi tuliita kupiga hewa. Wote tulifanya, na hakuna aliyeungama kwa padre, maana mtoto husahau kabla hajafika kona.

Mimi nikamfanyia mtu mzima.

Shosho Wanza alikuwa akiuza mahindi ya kuchemsha kwenye kona ya ploti yetu, amekalia kigoda chake kando ya sufuria. Jumapili moja alinishika mkono.

"Mjukuu wangu, nipige moja ya uso. Sina hata moja. Kipande changu cha kitambulisho nilikifua ndani ya leso, sura yote ikaenda na povu."

"Ya kupeleka wapi, Shosho? Umepata mchumba?"

"Mchumba yuko chini ya mchanga ananingoja. Nataka ya kubebwa mbele yangu siku hiyo. Nisipelekwe nyumbani kama gunia lisiloandikwa jina."

Filamu ilikuwa imeisha. Si ningemwambia tu? Lakini rafiki yangu Kevo alikuwa nyuma yangu ameshaanza kuuma midomo asicheke, na mimi nikiona mtu yuko karibu kucheka, akili hunitoka. Nikamkalisha Shosho vizuri. "Inua kidevu. Mkono wa kulia juu ya wa kushoto. Tabasamu kidogo, usimtishe malaika." Kwaa! Kevo akaanguka nyuma ya tangi la maji.

Tangu siku hiyo, kila nikipita: "Mjukuu, picha?" Nami: "Iko kwa kusafishwa, Shosho." Ananipa hindi. Mwezi mzima nilikula mahindi ya mwanamke yule kwa picha ambayo haikuwepo. Na kadiri siku zilivyopita, ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kumwambia. Uongo mdogo unaweza kuutema. Ukikua, unakukaa kooni kama mfupa.

Likizo ya Aprili, siku ya Jumapili, Shosho Wanza akafa.

Jumatatu jioni Nzioka alinikuta ngazini. Ni mtu mkubwa, fundi wa kuchonga mbao, mikono kama majembe. "Kijana, mama alituambia sote kwamba una picha yake. Ijumaa alfajiri tunampeleka Kitui. Niletee Alhamisi jioni, nimechonga fremu tayari."

Na mdomo wangu, huu huu ninaolia ugali, ukajibu wenyewe: "Iko kwa kusafishwa."

Mnaona nilivyojifunga? Ingetangulia fremu tupu mbele ya jeneza, mbele ya ukoo mzima. Na jina langu lingetajwa hapo kaburini.

Jumanne sikuweza kukaa nyumbani. Nikaenda uwanjani na kamera, haina hata filamu, nichungulie tu mpira nisifikirie. Nikaweka jicho kwenye kile kitundu cha kuchungulia. Pembeni kushoto, karibu na goli, alisimama mwanamke. Mkono wa kulia juu ya wa kushoto. Kidevu juu.

Nikatoa jicho. Pale palikuwa na mbuzi tu. Nikarudisha jicho. Shosho.

Nilikimbia, nawaambia, hadi mtaa wa Baba Dogo kwa Fundi Mutiso, mzee anayetengeneza redio na kamera kwenye kibanda cha mabati. "Fundi, lenzi yangu ina ugonjwa." Akaimulika kwa tochi, maana lenzi zikikaa kwenye unyevu huota kuvu ndani, nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Akaigeuza huku na huku. "Hamna kitu. Ni safi kuliko roho yako."

Basi nikaamua kubadilisha lenzi. Msiponielewa hapa hamtanielewa kabisa. Lenzi niliyokuwa nayo ni ya milimita hamsini, inaona karibu kama jicho linavyoona. Iko ya mia moja thelathini na tano, ndefu, inayovuta vitu vya mbali na kukata vya pembeni. Nikawaza, Shosho anakaa pembeni, sivyo? Basi nitamkata. Fundi alikuwa nayo moja. Nikamwachia baiskeli yangu rehani, nikatoka mlangoni, nikachungulia.

Ala! Hakuwa pembeni tena. Alikuwa katikati, amejaa, karibu kiasi kwamba niliona uzi wa hindi umenasa kwenye bega la sweta yake. Ananitazama.

Nikarudi ndani mbio. "Fundi, ondoa! Nipe ile pana!" Hiyo ni ya ishirini na nane, inapanua mandhari na kusukuma watu mbali. Akaniazima. Nikachungulia: Shosho akawa mdogo kama njiti ya kibiriti, kule mwisho wa barabara. Nikashusha pumzi. Nikageukia mtoni, njiti iko. Nikageukia viwandani, iko. Na kila nikigeuka, njiti imerefuka kidogo. Alikuwa anakuja.

"Fundi," nikasema, "huna lenzi isiyoonyesha watu?"

Mutiso akacheka, kisha akaniona uso, akaacha. "Lenzi haileti mtu, kijana. Inakuonyesha aliye mbele yako. Umemfanyia nani nini?"

Nikamweleza. Mara ya kwanza maishani mwangu nilisimulia kisa bila kuongeza chumvi. Akaizima redio iliyokuwa ikilia.

"Ulimpiga hewa mtu mzima," akasema. Hakuuliza. Akachukua kamera, akarudisha ile lenzi ndefu. "Hii ndiyo ya uso. Hiyo pana ukimsogelea mtu inamvimbisha pua. Hii ifungue mdomo wake wa kuingizia mwanga wote, ukuta wa nyuma utayeyuka, abaki yeye." Akavuta droo, akanipa filamu mpya. "Nenda anapokaa."

Sikwenda siku hiyo. Nisijifanye shujaa. Nilikokota godoro hadi chumbani kwa mama na kusema kuna panya.

Jumatano saa kumi, jua likiwa limelegea, ndiyo saa nzuri ya sura, nikatia filamu ya Fundi kwenye kamera, nikateremka. Kigoda cha Shosho kilikuwa pale konani, kimegeuzwa miguu juu. Nikakigeuza. Nikarudi nyuma hatua nne, nikapiga goti kwenye mavumbi. Watu walikuwa wakipita na mitungi ya maji, mchana kweupe. Nani kasema haya mambo hungoja giza?

Kwenye kitundu kila kitu kilikuwa ukungu. Nikazungusha lenzi polepole. Ukungu ukaanza kujikusanya juu ya kigoda, ukapata mabega, ukapata kidevu, ukawa Shosho Wanza. Amejifunga kitambaa cheupe nisichowahi kumwona nacho, kina msalaba wa uzi mwekundu juu ya paji.

Sauti haikutoka kigodani. Ilitoka hapa, kando ya sikio langu, pamoja na harufu ya mahindi ya moto.

"Leo iko ndani?"

Alijua. Mnanielewa? Mwezi mzima, akinipa hindi baada ya hindi, yule mama alijua. Na alikuwa akinipa nafasi.

"Iko, Shosho."

"Umeangalia?"

Nikasukuma kile kiwiko cha kuvutia filamu, nikamwonyesha kifundo cha kushoto kikizunguka. Ndivyo unavyojua filamu imo; kisipozunguka, kamera ni tupu.

"Basi piga moja. Hizo nyingine ni za wale watoto."

Akaweka mkono wa kulia juu ya wa kushoto. Sikumwambia atabasamu. Nikabonyeza.

Nilipotoa jicho, kigoda kilikuwa kitupu, kinayumba kidogo, kama mtu ameinuka sasa hivi.

Kabla jua halijazama nilikuwa nimezunguka ploti zote nikitafuta kila mtoto niliyempiga hewa. Thelathini na watano. Kevo alinishikia foleni. "Manze, rafiki yangu, leo ni bure kweli ama ni zile zetu za hewa?" akaniuliza. Nikamwonyesha kifundo kikizunguka. Hakuuliza tena.

Alhamisi nikaipeleka filamu mjini, kwa wale wanaosafisha kwa saa moja. Sikuifungua bahasha njiani. Jioni nikampa Nzioka mlangoni kwake. Akaitoa picha, akatabasamu, kisha tabasamu likamkauka.

"Hii ulipiga lini?"

"Kitambo," nikasema. Uongo wangu wa mwisho kuhusu jambo hili.

Akasogea kando nione ndani. Kitini palikuwa na kitambaa cheupe, kimekunjwa nusu, kina msalaba wa uzi mwekundu ambao mkono wake mmoja ulikuwa haujaisha. Sindano bado imechomekwa. Dada yake alikuwa amekinunua asubuhi hiyo ya Alhamisi ili mama azikwe nacho.

Kwenye picha, msalaba ulikuwa umekamilika.

Nzioka akaitia ndani ya fremu, akakifuta kioo kwa mkono wa shati mara nyingi kuliko ilivyohitaji. Ijumaa alfajiri ilitangulia mbele ya jeneza, na gari likaondoka. Mimi nilisimama karibu na tangi la maji, pale alipoangukia Kevo.

Baiskeli sikuikomboa, lenzi ndefu ninayo bado. Lakini kamera hainiruhusu mzaha. Ikiwa tupu, kidole changu kikigusa tu kitufe, harufu ya mahindi hunijaa puani. Kevo alisema nadanganya, akaijaribu. Alinirudishia akiwa ameishika kwa ncha za vidole, na siku hiyo hakutaka hata kula.

Kwa hivyo wewe unayepiga picha mitaani, filamu ikiisha sema imeisha. Na wewe unayepigwa, usione haya kumwambia mpiga picha akuonyeshe kifundo kikizunguka. Na Jumapili ukija kwangu pale ukutani, ukaniona nimetulia kidogo kabla ya kubonyeza, nikisema neno kando ya bega langu, usigeuke kutafuta ninayeongea naye. Nina maana yangu.

Iko, Shosho. Nimeangalia.