Matabishi ya Sambaza

Kazi yangu katika hifadhi ya ufuko wa ziwa, hapa Goma, ilikuwa kuwafundisha wauza sambaza, wale dagaa wa ziwani, wasinunue wachanga waliovuliwa kwa chandarua. Mama mmoja tu wa Birere alinisikia. Nilisahau kwamba wale wachanga ndio matabishi, konzi ya bure inayomrudisha muteja. Mimi, nisiyenunua hata chumvi bila kudai nyongeza! Wateja wake wakahamia meza ya jirani.

Juzi nilimkuta mtaa wa Murara, anauza makala, mkaa wa kupikia.

“Mama, sambaza wameanza kukua,” nilimwambia.

“Ni vizuri, papa. Wakifika sokoni, uwaambie nilihama.”

Nikanunua mfuko mmoja wa makala. Akaniwekea vipande viwili juu, kabla sijaomba.