Harufu ya Transfoma Iliyoungua

Leo asubuhi chaja ya simu imeungua jikoni kwangu, na kabla sijaichomoa nikawa tayari nimerudi kwenye kibanda cha mamangu cha kutengeneza redio na pasi, kule mtaani Kaptembwo. Ni harufu ile ile: vanishi ya nyaya iliyoungua, tamu kidogo, inayokwama kooni.

Siku moja nikiwa mtoto, mzee mmoja alikuwa ametoka Olenguruone na redio ya zamani ya mbao, nzito, imefungwa kwa shuka. Kila akiiwasha, fyuzi inakatika. Akachungulia ndani ya kibanda.

"Mama, fundi yuko wapi?"

"Ni mimi."

Akaiweka mezani, lakini mkono hakuuondoa. Mama akainama, akainusa kwa nyuma.

"Ni transfoma."

"Kumbe unatengeneza na pua?" Mzee akacheka.

Mama akafungua mgongo wa redio. Alifungua nyaya zote zilizotoka kwenye transfoma hadi ikabaki peke yake, kisha akaiunganisha na stima kupitia glopu ya kawaida ya nyumba.

"Ikiwa nzima, glopu itafifia. Ikiwa imeungua ndani, itawaka kabisa. Washa wewe mwenyewe, mzee."

Mzee akawasha. Glopu ikawaka hadi tukafinya macho sote, na mimi niliyekuwa nimekalia debe nikajikuta nimesimama.

Mzee akamwachia mama redio. Alipokuwa akitoka, mwanamume mwingine alifika mlangoni na pasi mkononi, akauliza fundi yuko wapi.

"Kwani huna macho?" mzee akamwambia. "Si ni huyu!"