Meli Niliyomtafsiria Mama

Sogea karibu kidogo, na kama una kazi ya mikono, endelea nayo huku unanisikiliza. Nataka nikueleze jinsi filamu moja ya makala kwenye televisheni ilivyomfanya mama yangu aache kuongea na mtoto wake wa mwisho, na jinsi mimi, niliyekuwa najua ukweli wote, nilivyoisaidia filamu ile. Nitakwenda polepole. Nimefundisha darasa la tatu kwa miaka mingi na nimezoea kueleza jambo hatua kwa hatua. Ukiona nimekwenda haraka, niambie nirudie, si aibu.

Mama alikuwa anaishi Mjimwema, mimi naishi Msamala, mitaa ya hapa Songea. Baada ya baba kufariki nilijiwekea utaratibu wa kwenda kwake kila Jumapili baada ya misa ya pili. Wakati wa mavuno tulikuwa tunapukuchua mahindi sebuleni, kwa sababu baridi ya Songea mwezi wa sita na wa saba haimruhusu mtu mzima kukaa uani. Tulitandika turubai, tukaweka jiko la mkaa karibu na mlango, na televisheni ikawa inaongea yenyewe pale juu ya kabati. Jirani yake, mama mmoja mwenyeji wa Tunduru, mjane kama yeye, alikuja na beseni lake. Alimwita mama "mkwe" kwa sababu alikuwa ametangaza kwamba mdogo wangu lazima amwoe binti yake wa mwisho, ingawa binti mwenyewe alikuwa ameshaolewa Masasi na ana watoto wawili.

Mdogo wangu alikuwa anafanya kazi kwenye meli ya kitalii. Kama hujawahi kuiona, ni meli kubwa kama mtaa mzima. Watu wenye uwezo hawaipandi ili wafike mahali, huipanda ili wapumzike. Wanalala humo, wanakula humo, wanashuka katika mji huu na ule kutembea, na mwisho meli inawarudisha palepale walipoanzia. Jambo hilo la kurudi palepale lilimsumbua sana mama. Yeye meli aliyoijua ni ile aliyoipanda Mbamba Bay akiwa msichana, akavuka ziwa amekalia gunia la dagaa.

Jumapili moja ikaonyeshwa makala ya meli za namna hiyo, kwa Kiingereza. Pale nyumbani mwenye Kiingereza nilikuwa mimi, na kwetu mwenye lugha hana ruhusa ya kutazama kimya. Kila sentensi unaigeuza kwa sauti, kila mtu asikie, na ukinyamaza unaulizwa kama umemeza ulimi. Basi nikawa napukuchua na kutafsiri. Tuliona bwawa la maji ya buluu juu ya meli. Tuliona meza ndefu ya vyakula ambayo kamera ilitembea juu yake taratibu, kamba, nyama, keki za ghorofa. Tuliona wazee wa Kizungu wakicheza muziki wameshikana viuno.

"Mkwe," jirani akasema, "yule pale mwenye shati la maua si mwanao?"

"Mwanangu hana kitambi."

"Atakuwa nacho. Kwa chakula kile? Atarudi hapa hapiti mlangoni, mtabomoa ukuta."

"Akirudi hivyo utamtaka bado?"

"Namtaka zaidi. Binti yangu anapenda mtu wa kuegemea."

Mama alicheka mpaka akaliangusha gunzi lililokuwa mkononi. Nilifurahi kumwona anacheka, maana tangu msiba wa baba alikuwa amesahau. Na hapo ndipo nilipokosea.

Karibu na mwisho, makala ilishuka chini ya meli kwa dakika chache tu. Ilionyesha korido nyembamba yenye mabomba darini, kisha chumba cha kufulia, na wanaume wakiingiza mashuka kwenye mashine ndefu ya kupigia pasi. Mmoja aliyefanana na watu wa kwetu, ingawa nchi yake haikutajwa, alisema hajamwona mtoto wake kwa miezi kumi. Alisema ukifanya kazi chini, unaweza kumaliza wiki bila kuiona bahari. Kisha kamera ikapanda juu tena kwenye jua.

Mdogo wangu kazi yake ilikuwa hiyohiyo. Alikuwa ameshanieleza kwenye simu kwamba analala chumba kisicho na dirisha na mwenzake mmoja, kwamba mvuke wa pasi umemchoma mikono yote miwili, na kwamba intaneti wanainunua kwa kadi na huko chini haishiki vizuri, hivyo anasubiri mpaka meli ifike bandarini. Aliniambia, "Dada, Mama mwambie tu niko salama."

"Anasema nini huyo?" mama akauliza, akimwonyesha yule wa kwenye pasi.

"Anaeleza jinsi wanavyofua mashuka," nikasema. "Kila siku shuka jipya."

"Loo. Kila siku shuka jipya," mama akamwambia jirani, kana kwamba jirani hakuwa amenisikia.

Niliona nimefanya jambo la huruma. Nilikuwa nimeondoa dakika zile chache, na kwa mama zikawa hazikuwahi kuwepo.

Mwaka wa baba ulipotimia, tulipanga kujengea kaburi na kuweka msalaba. Katika ukoo wetu kitinda mimba ndiye anayeushika msalaba wakati fundi anamwaga zege. Anaushika kwa mikono miwili mpaka zege lianze kukaza, na hapo ndugu wanasema baba amepata wa kumsimamisha. Mdogo wangu aliahidi kuja. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe akanipigia kuniambia kwamba mkataba wake umeongezwa, mtu wa zamu yake hajafika, na hawamruhusu kushuka.

Nilimfikishia mama ujumbe huo akiwa jikoni anachambua mboga. Hakugeuka.

"Hawamruhusu kushuka," akarudia. "Mbona tuliwaona wanashuka? Kila baada ya siku mbili wanashuka, wananunua kofia, wanapanda. Wewe mwenyewe ulinitafsiria."

"Wale ni wageni, Mama."

"Na yeye yumo meli hiyohiyo."

Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Ningeweza kukaa kwenye kigoda na kumweleza kama ninavyowaeleza watoto darasani. Lakini ningelazimika kusema kwamba nilimficha, na kwamba mtoto wake ameungua mikono. Ndugu walikuwa wanaingia, saruji ilikuwa haijafika, nikajiambia nitamweleza baada ya shughuli.

Msalaba ulishikwa na mtoto wa baba mdogo. Mama alisimama pale makaburini mpaka mwisho. Baada ya hapo, mdogo wangu kila alipofika bandarini alinipigia simu, nami nikampelekea mama, naye akanisukuma mkono.

"Mwambie nimelala."

"Mama, ni saa tano asubuhi."

"Wagonjwa wanalala saa yoyote."

"Huumwi."

"Basi mwambie naogelea."

Jirani alijaribu pia. "Mkwe, mtoto anapiga simu kutoka nje ya nchi, ongea naye hata umtukane." Mama akamjibu kwamba mtu aliyeshindwa kuacha kachumbari za Wazungu siku ya msalaba wa baba yake hana haja ya kutukanwa, ameshiba. Mdogo wangu upande wa pili alisikia kila kitu. Aliniuliza tu, "Dada, Mama anajua kazi yangu?" Nikamwambia anajua. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili, na huo nilimwambia mtu aliyekuwa amesimama bandarini na saa moja tu ya kupumzika.

Mama alianza kuumwa kweli mvua zilipoanza. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, daktari akasema ni moyo. Nikahamia Mjimwema. Akawa analala kwenye kochi la sebuleni kwa sababu akilala chali alikosa hewa, na kutwa nzima televisheni ilikuwa mbele yake. Alasiri moja makala ile ikarudiwa. Niliitambua kwa bwawa. Nikainua rimoti nibadilishe.

"Acha," akasema. "Nimwone anavyokula."

Nikaiacha. Safari hii sikutafsiri vyakula. Nilisubiri, na kamera iliposhuka kwenye ile korido nyembamba, nikasogeza kiti karibu na kochi na kumwambia, "Mama, angalia hapa. Hapa ndipo anapofanya kazi." Nikamtafsiria kila neno la yule mtu wa pasi, miezi kumi, bahari asiyoiona, yote. Kisha nikaongeza niliyoyajua mimi, chumba, mikono, kadi za intaneti, mtu wa zamu ambaye hakufika.

Alitazama mpaka kamera ikapanda juu.

"Chumba chake hakina dirisha?"

"Hakina."

"Anajuaje kama kumekucha?"

"Kwa saa, Mama."

Halafu akaniuliza kwa sauti ya kawaida, bila ukali, "Wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Ukaniacha niseme yote yale niliyoyasema."

Nilimjibu ndiyo. Nilitegemea atalia au atanifukuza. Aliomba maji, akanywa, akasema nimpigie mtoto. Nikapiga, simu haikupatikana. Alikuwa baharini, na kwa hesabu ya safari zake alikuwa na siku sita au saba kabla ya bandari.

"Basi niandikie barua."

Nikamweleza kwamba anaweza kuongea kwenye simu, sauti ikabaki humo mpaka mwenyewe aikute. Nikaishika simu karibu na mdomo wake, nikabonyeza.

"Nani ananisikia sasa?" akauliza.

"Bado hakuna, Mama. Ongea tu."

"Mwanangu," akasema. "Mimi mama yako. Dada yako amenieleza kazi yako. Nilikuwa nimekukasirikia, sasa sijakasirika. Msalaba wa baba yako umesimama vizuri, ukija utaushika hivyohivyo, hakuna atakayekucheka. Paka mafuta kwenye mikono. Ukipata nafasi, panda juu uone jua." Akapumzika kuvuta hewa. "Mama mkwe wako anakusalimia, anasema unenepe. Basi. Nimemaliza. Inazimwaje?"

Ujumbe ulikwenda ukakaa na tiki moja, alama kwamba haujafika. Kila asubuhi aliniuliza kama tiki ya pili imekuja. Siku ya nne hakuuliza. Alifariki alfajiri, mimi nikiwa nimemshika mkono na jirani akimfuta jasho. Nilituma ujumbe wa msiba kwa mdogo wangu, na huo nao ukakaa na tiki moja chini ya ule wa mama. Nilipiga simu kwa wakala aliyemtafutia kazi melini, ikaita bila kupokelewa. Tulizika siku iliyofuata, karibu na baba.

Siku ya tatu baada ya mazishi, nikiwa naosha sufuria za watu wa msiba, simu ikalia mara mbili. Meli ilikuwa imefika bandarini. Mdogo wangu alikuwa amefungua ujumbe wa kwanza kabla ya kuona kwamba kuna mwingine chini yake, na akajibu hapohapo kwa sauti. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu yake, na alikuwa anacheka na kulia pamoja.

"Dada, nimemsikia Mama. Nimemsikiliza mara nne. Kumbe alikuwa hajui. Mpe simu nimwambie mikono imepona. Mwambie niko nje sasa hivi, jua linaniwaka usoni."

Nilikaa chini pale uani. Kabla sijajua la kufanya, zikaja herufi chache kwenye kioo. Aliandika neno moja tu: "Lini?"

Watu huniambia makala ilimdanganya mama. Nimefikiri sana, na naona si kweli. Hakuna picha hata moja iliyokuwa ya uongo, bwawa lipo, keki zipo, wazee wanacheza. Ila kamera ilisimama muda wote pale anaposimama mgeni, na mtazamaji huamini kwamba kila aliyemo melini anasimama hapo. Ikashuka chini kidogo tu, kwa dakika chache, na dakika hizo zingemtosha mama. Nilizichukua mimi. Nilidhani namlinda mama na huzuni, na matokeo yake huzuni ikamwangukia mtoto, kwa miezi yote ile akisikia kwenye simu kwamba mama yake anaogelea.

Mdogo wangu alikuja mkataba ulipokwisha. Nilimpeleka makaburini, akaushika msalaba wa baba, kisha wa mama, kila mmoja kwa mikono miwili. Nilimwambia niliyoyafanya. Hakunijibu, na mpaka leo hajanijibu, lakini simu zangu anazipokea.

Nawe usikate tamaa kama umewahi kumficha mtu neno kwa kumwonea huruma. Bado unaweza kumwambia wakati angali anasikia. Ukikaa na mzazi wako mbele ya filamu ya namna hii, mtafsirie yote, hasa pale kamera inaposhuka chini kwa wanaofanya kazi, na kama mtoto wake ni mmoja wao, mwambie kabla hujainuka kwenye kiti.