Neno Alilonisifia Daktari

Miaka ya hamsini nilikuwa muuguzi katika zahanati moja ya Kabondo, hapa Kisangani, chini ya daktari Mjerumani. Kila nilipofunga kidonda vizuri aliniambia, "Brav." Katika Kifaransa nilichosoma misheni, brave ni mtu jasiri, basi nikajiona jasiri. Nilimwambia mke wangu, naye akawaambia majirani.

Asubuhi moja mke wa daktari alikuja na mbwa wao. Daktari akamwamuru mbwa akae, naye akakaa. "Brav," akasema, kwa sauti ileile.

Nikamwuliza, "Docteur, neno hilo maana yake nini?"

"Iko mutu mutulivu, mwenye kutii. Tunamwambia mbwa, ama mutoto akimaliza supu yake."

"Na mutu mukubwa?"

Alicheka kidogo. "Mutu mukubwa hapana. Atakasirika."

Nilimaliza kufunga bandeji iliyokuwa mkononi mwangu. Kwa miaka sita nilikuwa nimempenda mtu huyo kama kaka. Wiki ileile niliomba uhamisho wa kwenda Basoko. Aliponiuliza sababu, nilimwambia mama anaumwa. Mama alikuwa mzima kabisa.