Ngoma Isiyo na Ngozi

Aliyechoka kwanza ni mke wangu. Nilikuwa nikikaa mezani kungoja chai, mikono inaanza yenyewe: kijiko kwenye sufuria, kijiko kwenye kopo la mafuta, mguu chini ya meza. "Wewe ni mwalimu," ananiambia, "ama ni mtoto wa nasari?" Niliweka kijiko chini, mguu ukaendelea. Kabla ya kuokoka nilipiga dramu miezi saba katika bendi ya hoteli moja pale Mtito Andei, tukiwatumbuiza madereva wa malori. Wokovu ulinitoa pombe na sigara. Hiyo nyingine iligoma kutoka.

Kununua dramu za kawaida nyumbani kwangu Tawa lilikuwa jambo la kusahau. Wazee wa kanisa letu walizikataa kwa sababu ya kilumi, ile ngoma ya zamani ya Ukambani inayopigwa kwa saa nyingi mpaka wachezaji wapandwe na pepo. Kwao, kitu chochote kilichowambwa ngozi kilikuwa mlango wa pepo hao. Aliyepatikana nacho aliondolewa kwenye Meza ya Bwana hadi atubu mbele ya watu wote. Mimi nilikuwa mwalimu wa watoto wao, na mama yangu alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Kutengwa kungetuaibisha sote wawili, na mama nisingeweza kumtazama machoni.

Ndipo nikasikia kuna dramu za umeme. Unavaa hedifoni masikioni, unapiga vibao vya mpira, sauti unaisikia peke yako. Nilimwendea mzee wa kanisa kabla sijatoa hata shilingi, ili baadaye mtu asiniletee maneno.

"Iko na ngozi?"

"Hapana, mzee. Ni rubber."

"Kama ya gari?"

"Kama ya gari."

"Basi hiyo ni mashini. Nunua, mwalimu."

Ungedhani kazi imeisha. Nilipanda basi hadi Nairobi, muuzaji akaniuliza kama nataka ya jukwaani au ya studio. Nikamwambia nataka ya nyumbani, saa moja tu kila Jumamosi. Alinitazama kama mtu aliyeingia kununua ndege ya kwendea sokoni. Seti ya kwanza ilikuwa bei ya ng'ombe wawili wa maziwa. Ya pili, ya bei nafuu, ilikuwa kisanduku cha kubonyeza kwa vidole. Na miguu yangu niipeleke wapi? Ya tatu vibao vyake vilikuwa vigumu kama sakafu. Nilipiga dakika kumi, viganja vikauma wiki nzima na chaki sikuweza kuishika vizuri. Hakuna aliyeniambia kwamba mtu wa kujifurahisha hahitaji vibao vinane wala sauti mia mbili. Anahitaji mpira unaorudisha kijiti na pedeli isiyoteleza, basi. Hayo niliyajua baada ya kupoteza nauli mara nne, na kila niliporudi mikono mitupu jirani zangu, ambao hawajawahi kushika kijiti maishani, walinishauri ninunue gitaa.

Mwishowe niliipata kule kule Mtito Andei. Bendi ya hoteli ilikuwa imevunjika na mwenye hoteli alitaka kuondoa vitu vyake stoo, pamoja na dramu za umeme walizonunua baada yangu. Vibao vitano, mpira wa kimoja umechanika pembeni. Nikakaa, nikapiga, kijiti kikarudi. Nililipa kabla hajabadilisha nia. Stima haikuwa imefika kwetu, kwa hiyo fundi wa redio akaniungia waya wa kutumia betri ya gari.

Jumamosi mchana wazee wanne walikuja kuikagua. Walikunywa chai kwanza. Kisha yule mzee akabonyeza kila kibao kwa kidole gumba, akainama akanusa. Mpira. Akaridhika.

"Haya, piga tuone."

Hapo ndipo nilipokosea. Spika sikuwa nayo, nikavaa hedifoni, nikafumba macho, nikaanza. Kwangu mimi ilikuwa raha niliyoikosa miaka kumi na tano. Wao waliona mtu mzima aliyelowa jasho, anatikisa kichwa, anarusha mguu, anaitikia kitu ambacho hakuna mwingine chumbani aliyekisikia. Nilipofumbua macho, mzee mmoja alikuwa amesimama mlangoni akiomba.

"Mwalimu, hiyo sauti inatoka wapi?"

"Kwa hii sanduku, mzee. Mnakosa kusikia kwa sababu nimevaa hizi."

"Hata wale wa kilumi husikia peke yao."

Nilitaka kulia. Waliuliza ngozi, ngozi haikuwapo! Nilimpa kila mmoja hedifoni ajisikilizie, kila mmoja akaficha mikono nyuma, asije akaingiliwa na kitu kupitia masikio. Niliambiwa nitoe kifaa hicho nyumbani kabla ya Meza ya Bwana, ama nijitoe mwenyewe.

Mama alikuwa ameketi kando akichagua ndengu. Akaweka ungo chini.

"Nipe hiyo."

Akavaa hedifoni juu ya kitambaa chake cha kichwa. Nikapiga. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Rudia hiyo ya mguu. Pole pole, mwana wakwa, unakimbia."

Nilikuwa ninakimbia kweli. Kiongozi wa bendi alinigombeza kwa sababu hiyo hiyo miezi yote saba. Mama akazivua, akawageukia wazee.

"Hii si ngoma. Ngoma ikipigwa unaisikia hapa kwa tumbo. Hii inaishia kwa masikio. Hakuna pepo inaweza kuja kwa hii kitu, hata uite mpaka kesho."

"Na wewe, mwaitu," mzee akamuuliza, akimwita mama kwa Kikamba, "umejuaje?"

Niliomba aseme aliwahi kusimuliwa. Lakini mama hakujua kudanganya, tabia iliyonikera tangu utotoni.

"Nilikuwa mpigaji wa kilumi. Huko Ikutha, kabla niolewe. Walikuwa wananiita kutoka mbali."

Nilikuwa na miaka thelathini na tisa na sikuwahi kusikia habari hiyo. Vijiko vyote nilivyogonga mbele yake, na hakusema neno.

Wazee walitoka wakasemezana langoni, wakarudi na uamuzi. Mashini ni mashini, mwalimu hana kesi. Lakini mama alikalia kiti cha akina mama miaka yote hiyo bila kuungama jambo zito, kwa hiyo ataondolewa kwenye Meza mpaka atubu.

"Nitubu nini? Si niliacha nilipookoka?"

Wakasema kosa ni kunyamaza. Niliwapigia kelele ambazo mwalimu hapaswi kuwapigia watu wazima. Mama akaniambia niache, niwaletee wageni kofia zao.

Jumapili iliyofuata sahani ya mkate ilifika kwenye benchi letu. Mama aliipokea kwa mikono miwili, hakuchukua kitu, akanipa. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuirusha sahani ile hadi madhabahuni, na yule mzee alikuwa amesimama mwisho wa benchi akinitazama. Nikachukua kipande changu, nikala.