Breli Haipigwi Pasi

Kumepambazuka katika mji mdogo wa Rodi Kopany na Emmaculate Nyasuguta tayari amekasirika. Anabonyeza vitufe sita vya mashine yake ya breli, na karatasi nene inapanda polepole ikiwa imejaa nukta zilizoinuka, maandishi ambayo wasioona huyasoma kwa vidole. Kisha anaacha.

"Soma swali hili," anamwambia mwandishi huyu, akisukuma mtihani wa sayansi mezani. "Tazama picha. Haya, mtoto asiyeona atazame na nini?"

Kila muhula analalamika, na kila muhula picha zinaletwa vilevile. Itabidi mmea uliochorwa hapo aueleze kwa maneno, mzizi hadi jani, bila kumpa mtoto jibu. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna anayemsaidia.

Nyasuguta alikuwa mpiga chapa wa ofisi mjini Migori hadi kaka yake, Arasa, alipopofuka. Akajifunza breli ili Arasa ajisomee Biblia siku ya Sabato bila kungoja mtu. Tangu 1991 anaiandika kwa breli mitihani ya shule moja ya bweni Homa Bay inayopokea wasioona.

Lakini kilichomkera kuliko picha zote kilitokea mwaka jana.

Dorah Mirumbe, msichana asiyeona kutoka upande wa Kuria, alikuwa akifanya mtihani wa majaribio wa darasa la nane. Anayeanguka mtihani huo hasajiliwi kwa mtihani wa taifa. Katoni ya karatasi alizoandika Nyasuguta ilinyeshewa njiani, ikafika shuleni ikiwa na unyevu na karatasi zimejikunja.

Mwalimu wa mitihani, Stanley Mayaka, alikuwa amehamishiwa pale muhula huo. Ni mtu nadhifu, suruali yake ina mstari kila siku, na hakutaka kumpa mtoto karatasi zilizokunjamana. Akawasha pasi ya makaa. Akazinyoosha moja moja, kwa upole, mpaka zikalala.

"Zilikuwa zimetoka vipelevipele," anaeleza Mayaka akiinamisha kichwa. "Nikafikiri ni hayo maji."

Shule inapokea wasioona, inamleta mwalimu mgeni, na hakuna hata mmoja anayemshika mkono akamwonyesha breli ni nini. Halafu watu wanashangaa.

"Nilipapasa mbele, nikapapasa nyuma," anasimulia Dorah. "Nikamwambia msimamizi hii karatasi haina kitu. Akaniambia, 'Si hiyo hapo mbele yako? Andika.'"

Alikaa pale hadi kengele ikalia. Alipata sifuri. Ukweli ulipojulikana matokeo yalikuwa yameshabandikwa ukutani, na wakubwa wakasema yaliyobandikwa hayabanduki. Dorah akarudia darasa. Shule hairuhusu kurudia mara ya pili, kwa hiyo akianguka sasa, anarudi nyumbani.

"Mimi huyo mwalimu sikumtukana," anasema Nyasuguta. "Nililia tu. Unapiga pasi kazi ya mtu, utamwambia nini?"

Safari hii, siku ya mtihani inapofika, anaipeleka katoni mwenyewe, ameifunga nailoni na kuipakata mapajani hadi Homa Bay. Mayaka anamngoja langoni, mikono ameinyoosha kumpokea.

"Hapana, mwalimu."

"Madam, nilishajifunza."

"Endelea kujifunza na za kwako."

Anaibeba hadi chumba cha mtihani, anaikabidhi kwa msimamizi, kisha anatoka kusimama dirishani. Mayaka anasimama kando yake.

Dorah anapewa karatasi. Vidole vyake vinagusa mstari wa kwanza, vinasimama. Nyasuguta anasogeza uso dirishani. Vidole vinarudi mwanzo wa mstari, vinapita tena, safari hii haraka, hadi mwisho. Msichana anaivuta mashine yake karibu na kuanza kubonyeza.

"Anasoma," ananong'ona Mayaka.

"Anasoma," anajibu Nyasuguta, na kwa mara ya kwanza leo sauti yake haina ukali.

Ana ombi moja kwa shule: kila mwalimu mgeni afungwe kitambaa machoni, apapase jina lake lililoandikwa kwa breli, ndipo apewe funguo za ofisi. Lakini tumaini lake kubwa liko kwenye kile chumba.

"Nataka huyu mtoto apite, asomee ualimu, arudi hapa awe mwalimu wa mitihani," anasema. "Siku hiyo nitamwachia katoni langoni na nirudi zangu Rodi. Huyo hataniuliza vipele ni vya nini."