Simu Iliyosema Saa Sifuri

Shule niliishia darasa la pili, lakini saa naijua. Jua likichomoza ni saa kumi na mbili. Nikishatandaza vitunguu vyangu hapa barabarani Mikumi ni saa mbili, na ndiyo saa ya kidonge changu cha presha. Mjukuu wangu wa kike, aliyesomea kompyuta Morogoro akarudi nyumbani kusubiri ajira, aliniwekea kwenye simu programu ya kukumbusha dawa. Ikafoka mbele ya wateja: "Ni saa nane asubuhi. Meza dawa." Saa nane asubuhi, umande haujakauka. Na shikamoo hakuna.

Nikamwambia aitoe. Akasema atairekebisha. Programu ile haina tajiri, akanieleza, ni kama msaragambo: watu wa nchi nyingi wameiandika bure, na mwenye ujuzi anaruhusiwa kuifungua, kutengeneza palipoharibika na kupeleka kipande chake. Ila wapo wakaguzi. Kikikubaliwa, jina lake litabaki pale na waajiri wataliona, na hata simu ya dada yangu kule Kidodi itasema saa sawasawa.

Akaandika, mgongo umepinda kama mundu. Akaijaribu kwanza kwenye simu yangu, na asubuhi ikasema saa mbili. Nilimtangazia kila dereva wa lori aliyesimama. Akaituma.

Tangu hapo sikutulia. Napanga vitunguu, namuuliza, wamejibu? Nasonga ugali, wamejibu? Usingizi wenyewe nalala upande mmoja tu, ule wa kusikia simu yake.

Wakajibu. Mkaguzi mmoja wa nchi za baridi aliandika kwamba haelewi kwa nini kila saa ipunguzwe sita, nane iwe mbili. Halafu akauliza: hiyo saa sita yao yenyewe, ambayo kwetu ni kumi na mbili, ukitoa sita, kinabaki nini? Mjukuu wangu alinisomea kwa Kiswahili. Mimi damu ilipanda.

"Mwambie aje Mikumi aone jua linavyotoka."

"Bibi, tulia."

"Sitatulia. Anakukosoa mbele ya ulimwengu mzima, hata hajakusalimia."

Alichukua simu yangu akaitega iseme jioni, jua linapozama. Tukangoja jikoni, mimi na mwiko wangu, yeye kwenye kibao cha mbuzi.

"Ni saa sifuri jioni," simu ikasema. "Meza dawa."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Alisema ingekubaliwa vile, kila jioni watu wangesikia upuuzi huo, chini yake jina lake. Yule mtu wa baridi hajui jua letu, lakini hesabu alikuwa ameiona. Nikayafuta maneno yangu ya kumwita Mikumi, jambo ambalo kwangu ni adhabu.

Akarekebisha: kikibaki sifuri, iseme kumi na mbili. Akaeleza saa zetu tangu mwanzo, kama anavyoelezwa mgeni, akatuma tena. Nami nikaanza upya kuhangaika. Nikawa nafagia palipokwisha kufagiwa.

Mchana mmoja nikamwona anakuja barabarani mbio mbio, kompyuta kaikumbatia kama mtoto mchanga.

"Wamekubali?"

"Wamekubali, bibi."

Nikakaa. Nikasimama tena. Malori yanapita, vumbi linatumwagikia, naye anachekacheka peke yake.

"Sasa ifundishe shikamoo," nikamwambia. "Inaniamrisha dawa kama mimi mdogo wake."

Akaifungua kompyuta palepale, juu ya gunia la vitunguu.